Mtoto wa Hori Aliyekuwa Mzito

Kaa hapa upande wangu, penye mwanga, na usishike mkasi bado. Wengi wanaokuja kujifunza kazi hii huanza kwa kukata, kwa sababu kukata kunaonekana ni kazi na kutazama kunaonekana ni uvivu. Nguo ya mitumba imeshakatwa mara moja na mtu aliyejua anataka nini. Ukiikata tena kwa haraka utabaki na vipande viwili visivyo na maana. Ishike kwanza. Ivute kidogo uone inanyooka upande gani. Igeuze ndani nje, maana rangi yake ya kweli imejificha kwenye mishono, mahali ambapo jua halikufika.

Leo tunatengeneza mtoto wa hori, yule anayelazwa kwenye nyasi mbele ya kanisa wakati wa Krismasi. Utaweza. Nimewafundisha watu ambao walikuwa hawajawahi kushika sindano isipokuwa ya kutolea mwiba. Ila kabla hatujaanza nikueleze habari za mtoto wa kwanza niliyempeleka nyumbani kwa mama mkwe wangu. Namna ninavyofanya kazi hii ilitokana na woga wa siku zile, na sitaki ujifunze namna yangu bila kujua ilikotoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba ilipokuwa imeanza kumiminika sokoni Migori. Mimi ni mzaliwa wa Suna, pembeni mwa mji huo, na nilipoolewa nilibaki kwanza mjini, katika chumba tulichopanga, kwa sababu kazi ya mume wangu ilikuwa kisiwani Remba. Alikuwa fundi wa injini za boti. Wavuvi wa mbuta walimwita wakati wowote, na injini zao zilikuwa na tabia ya kuzimika katikati ya maji, si ufuoni. Alikuja nyumbani akinuka petroli, akalala siku mbili, akarudi ziwani. Simu hatukuwa nayo. Habari zake zilinifikia kwa midomo ya wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwani.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mkuria, mwanamke wa kutoka upande wa Kehancha, aliyeuza mitumba. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu, na Kikuria changu hakikuvuka salamu. Yeye ndiye aliyenionyesha faida ya mabaki. Belo la mitumba likifunguliwa, wenye pesa hukimbilia kamera, yaani zile nguo bora ambazo hata doa hazina. Baada yao huja wengine. Mwisho hubaki fagia: sketi iliyochanika, soksi isiyo na mwenzake, tai, gauni la kulalia la nailoni, mapazia ya nyumba ambazo hatutaziona kamwe. Fagia ndiyo ilikuwa yetu.

"Wewe dada," aliniambia siku moja akinirushia tai ya hariri, "hawa watu wa ng'ambo wanajinyonga na kitambaa kizuri hivi kila asubuhi, halafu wanakitupa."

Tai ina kitambaa kigumu ndani yake. Fumua mshono wa nyuma polepole, kitatoka chote kwa mara moja, na hicho ndicho kinachotengeneza nyota isiyolegea. Sweta kuukuu tulilifumua, tukazungusha uzi wake kwenye mgongo wa kiti, tukauosha, tukautundika ukiwa umefungwa jiwe ili mikunjo inyooke. Gauni la kulalia lilitupa mabawa ya malaika, kwa sababu pindo lake ni lesi. Fulana tulizikata pete pete tukaziunganisha kuwa mnyororo wa kuzungusha ukutani. Mnyororo huo ulidumu kuliko karatasi ya choo tuliyozoea kusokota, ambayo mvua ikipiga madirisha hulala chini kabla ya mahubiri kuisha.

Mama mkwe wangu aliishi upande wa Kosele, juu ya mlima mdogo. Ukisimama nyuma ya jiko lake unaliona ziwa lote mpaka linapochanganyika na mbingu. Alikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa dogo la udongo hapo chini. Alipopata habari kwamba nashona mapambo, aliagiza niwaletee ya Krismasi, na mtoto wa hori pia. Waliyekuwa naye alikuwa mwanasesere wa plastiki aliyepoteza mkono mmoja, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanamwita Askari.

Nilishona nyota, malaika na minyororo mpaka vidole vikauma. Mtoto nilimwacha wa mwisho, na jirani yangu akaniona nimechoka.

"Mtoto niachie mimi," alisema. "Macho yako yamekuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Nitamshona mimi, umpelekee mama mkwe zawadi yangu, aniombee nipate belo zuri mwaka ujao."

Alimleta asubuhi ya safari. Kichwa alikuwa amekitengeneza kwa soksi ndefu ya nailoni ya rangi ya kahawia, iliyojazwa sufi, na macho yaliyofumbwa ameyadarizi kwa uzi mweusi, mstari mmoja mmoja, mpaka ungeogopa kumwamsha. Mwili aliuviringisha kwa shuka nyeupe ya pamba, safi, iliyopigwa pasi, na mgongoni akashona kwa uzi maradufu.

"Mbebe," aliniambia.

Nilimbeba. Alikuwa na uzito wa kweli. Mkono wangu ulijipinda wenyewe chini ya shingo yake.

"Umetia nini ndani?"

"Siri ya fundi. Mtoto mwepesi si mtoto, ni mto wa kulalia."

Nikacheka. Nikamfunga kwa kanga, nikaondoka.

Mume wangu alikuwa ameahidi kunitangulia nyumbani. Nilipofika, mama mkwe alikuwa kwenye lango, na nikaona macho yake yananipita yakitafuta mtu nyuma yangu. Wifi yangu, dada ya mume wangu aliyekuwa akiuza mboga soko la Kosele, alinipokea mzigo.

"Mke wetu umekuja peke yako? Umemficha wapi kaka yetu?"

"Nilidhani nitamkuta hapa."

"Bado," mama mkwe alisema. "Labda kesho. Ingia unywe uji."

Tulifungua begi mezani. Wifi alijivika mnyororo wa fulana shingoni akatembea kwa madaha, akasema sasa yeye ni mke wa meya. Mama mkwe alizipanga nyota kwenye mkeka, akazihesabu kwa furaha, akakosea, akaanza upya. Kisha nikafungua kanga, nikampa mtoto.

Alimpokea kwa mikono miwili. Akamwinua, akamtazama macho yale yaliyofumbwa, akamlaza begani na kuanza kumpigapiga mgongo kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga. Kiganja kilipiga mara chache. Halafu kikasimama. Akakunja kidole, akagonga. Tulisikia sote. Ilikuwa sauti ya kitu kigumu kama ubao.

"Nyar Suna," aliniita, yaani binti wa Suna. Katika boma lile wake huitwa kwa walikozaliwa. "Ndani kuna nini?"

"Sijui, mama. Aliyemshona ni jirani yangu."

"Jirani gani?"

"Mkuria mmoja, pale Migori."

Alimbonyeza kuanzia mabegani kushuka chini, polepole, mpaka mwisho. Akaleta pua yake kwenye mshono. Niliona uso wake ukibadilika, si kwa hasira.

"Hili ni yago," alisema.

Yago ni tunda la mti ambao Waswahili wengine wanauita mvungunya. Umeliona: refu, zito, linaning'inia kwenye kamba yake. Kwa jirani yangu lilikuwa tunda la porini, basi. Alitafuta kitu chenye umbo na uzito wa mtoto, akaokota tunda dogo lililokauka, likamfaa. Hakukosea kama fundi. Lakini kwetu sisi wa upande wa ziwa tunda hilo lina kazi nyingine. Ziwa likimmeza mtu na kukataa kumrudisha, watu wake hawawezi kukaa bila kuzika. Basi hulichukua yago, wakalivika shuka nyeupe, wakalililia, wakalilaza kaburini mahali pake. Yago lililovikwa nyeupe ni mwili wa mtu aliye majini.

Na boma lile lilikuwa na mtu mmoja majini, mume wangu.

"Mama, mweke tu mezani," wifi alisema. Mnyororo bado ulikuwa shingoni mwake.

"Nimweke?"

"Ndiyo, umweke, tunywe uji."

"Tukimlaza humu ndani," mama mkwe alisema, "tumemlaza nani?"

Wifi akauvua mnyororo.

Nataka uelewe kwamba mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwafukuza waganga waliokuja kuuza dawa kwenye matanga, na alisimama kanisani kuomba kwa sauti iliyosikika barabarani. Mimi pia nilikuwa nimesoma, na nilijua tunda ni tunda na shuka ni shuka. Nilijiambia hivyo mara nyingi jioni ile. Lakini miaka hiyo matanga yalikuwa mengi. Kila Jumamosi turubai lilikuwa limesimama kwenye boma fulani, vijana wa rika letu walikuwa wanazikwa na wazazi wao, na kifo kilikuwa kimezoea njia zetu zote. Ukiishi hivyo, huwezi kumcheka mama anayekataa kukilaza kitu mezani.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kiti kilekile, mtoto mapajani.

Tulianza kutafuta namna ya kuliondoa, na hapo ndipo woga wangu ulipoota mizizi. Kila njia tuliyoifikiria ilikuwa na mlango mmoja tu mwishoni, wa msiba.

"Tulizike kichakani," wifi alisema.

"Tuzike?" mama mkwe aliuliza, na wifi akasikia alichosema, akaufunga mdomo kwa kiganja.

Baadaye akajaribu tena. "Tulitie motoni basi."

"Umchome kaka yako."

"Mama, si yeye. Ni tunda."

"Nimesema ni yeye? Wewe ndiye unayesema."

Kulitupa chooni hakukuwezekana, maana mtu hatupwi chooni. Kuliacha njiani hakukuwezekana, maana mpita njia angelikuta, angepiga mayowe, na mayowe yangetangaza msiba boma lipi? Kulirudisha kwenye mti wake hatukuweza, kwa sababu mti wake ulikuwa Ukuria.

"Tumwite mchungaji," nilisema.

Mama mkwe alinigeukia. "Nimwambie nini? Kwamba mimi ninayewaongoza akina mama nimeshindwa kuweka mwanasesere chini?"

"Kweli mama," wifi alisema, na alikuwa anajaribu kututoa kwenye giza, "wewe unayetuombea kila Jumatano, leo unaogopa tunda."

"Naogopa. Haya, lichukue wewe."

Alilinyoosha kwake. Wifi aliangalia mikono yake mwenyewe, akasema anachelewa sokoni.

Mume wangu hakufika siku hiyo. Nilisimama nyuma ya jiko nikitazama ziwa. Lilikuwa na rangi ya bati, na upepo ulikuwa ukilikwaruza kuelekea kwetu. Mbali sana niliona tanga moja, kisha nikagundua ni ndege. Nilikuwa nimeanza kufanya jambo baya: nilikuwa nakumbuka mara ya mwisho nilipomwona, alivyofunga kamba za viatu, alichosema mlangoni, na nilikuwa nakumbuka kwa mpangilio, kama mtu anayejiandaa kuulizwa na waombolezaji. Nilijikataza. Mikono yangu ilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali.

Wifi alirudi kutoka Kosele mapema, kikapu chake kikiwa bado na mboga. Aliketi kizingitini kabla ya kusema.

"Akina mama wa omena wanasema kuna boti iliyotoka visiwani haijafika Mbita. Upepo ulikuwa mbaya kule mbele ya kisiwa cha Takawiri."

"Boti ya nani?" niliuliza.

"Hawajui. Wanasema ilikuwa imejaa watu wa kurudi Krismasi."

Niliona mikono ya mama mkwe ikimvuta mtoto karibu na tumbo, kama vile sisi tulikuwa tunataka kumnyang'anya. Alikuwa hajala tangu jana, kwa kuwa hakuwa na mkono uliobaki wa kushikia chakula. Nikaelewa kwamba hata yeye hakujua la kufanya. Nilikuwa nikingoja aseme, kwa hakika kuna desturi, kwa hakika wazee waliacha neno. Hawakuacha. Nani kabla yetu aliwahi kulivika yago sanda kwa ajili ya kusherehekea?

Hapo nikafikiria kazi yangu, kwa sababu nikiogopa sana ndicho kitu ninachoweza kufikiria. Kila nguo tuliyoishika kule Migori ilikuwa imeshonwa iwe kitu fulani. Gauni lilikuwa la kulalia, tai ilikuwa ya ofisini. Hatukuichoma wala hatukuizika ili iache kuwa hivyo. Tuliifumua. Ukitoa uzi, kitu kinasahau kilichokuwa.

"Mama," nilisema, "niruhusu nifumue."

"Umvue nguo?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliyevikwa vile havuliwi."

"Aliyekufa havuliwi. Hapa nani amekufa?"

Swali lile lilikuwa limetoka kinywani mwangu bila kupimwa, na mara tu lilipotoka niliogopa jibu lake kuliko kitu chochote.

"Hakuna," mama mkwe alisema hatimaye. "Njoo tukae nje. Si ndani."

Tuliketi uani, mchana kweupe, lango likiwa wazi ili yeyote apitaye aone hatufichi kitu. Hakumweka chini. Alimlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, nami nikapiga magoti mbele yake na sindano. Sikutumia mkasi, niliogopa kukata. Jirani yangu alikuwa ameshona kwa upendo, na upendo wake ulikuwa na uzi maradufu na mishono midogo iliyobanana. Niliingiza ncha ya sindano chini ya mshono, nikainua, nikavuta, nikaenda kwenye unaofuata. Nikajichoma, na tone la damu likataka kuingia kwenye shuka. Mama mkwe alinishika kidole upesi akakifuta kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Usimpe damu," alisema.

Niliendelea. Kuku walikuwa wanachakura karibu yetu. Kila mshono uliofumuka nilisikia pumzi ya mama mkwe juu ya kichwa changu. Mgongo ulipofunguka lilionekana ganda la kahawia, kavu, lenye mikunjo, na wifi aliyesimama nyuma yangu aligeuka akatazama jiko. Nilikunja shuka upande huu na upande huu. Kichwa cha soksi kilikuwa kimefungwa kwa uzi shingoni mwa tunda, nikaufungua huo nao. Kisha tunda likabaki peke yake mapajani mwake.

Tulilitazama.

"Sasa ni tunda," nilisema.

"Ni tunda?"

"Ni tunda, mama."

Alinyanyuka, akatembea mpaka kwenye jiwe la kuanikia kunde, akaliweka juani. Aliporudi mikono yake ilikuwa bado imepinda, haijui pa kwenda. Nikampa bakuli la uji, mikono ikapata kazi.

Mtoto akabaki ngozi tupu, nasi tulihitaji kitu cha kumjaza. Nilikuwa na mabaki ya sweta na vipande vya fulana, lakini havikutosha. Wifi aliingia ndani akatoka na shati kuukuu la kaka yake, lililochanika kwapani.

"Hili halivaliki tena. Tulikate, tumjaze nalo."

"Usithubutu," mama mkwe alisema, na mimi nilikuwa nimeshasema kabla yake. Tulisema neno moja kwa pamoja. Wifi alilikunja shati, akalirudisha mahali alipolitoa, na alilishika kwa vidole viwili kama lililo na moto.

Tulimjaza kwa nguo zetu sisi tuliokuwa pale, tuliokuwa tukionana kwa macho. Kanga yangu iliyochakaa, kitambaa cha wifi, upindo wa gauni la mama mkwe. Ukijaza, usisukume kwa fujo, anza na miguu, tia kidogo kidogo, tumia mpini wa mwiko kufikisha pembeni. Mtoto akaanza kuwa laini. Nilipochukua uzi kumfunga, mama mkwe alinizuia, akaingiza mkono wake ndani ya mgongo mpaka kwenye kiwiko, akapapasa kila kona. Akamwita wifi naye apapase. Ndipo akaniruhusu.

Usidhani woga uliisha hapo. Tulikuwa tumefumua tunda, lakini boti ilikuwa bado haijafika Mbita. Siku ya kuamkia Krismasi tulipamba kanisa. Nyota zilining'inia, minyororo ikapita ukutani juu ya magazeti yaliyobandikwa, na akina mama walisifu kila kitu. Niliitikia sifa zao huku masikio yangu yakiwa barabarani. Kila nilipopanda kigogo kufunga uzi darini nilitazama nje kupitia dirishani. Niliwaza kwamba tulichelewa, kwamba jambo lilikuwa limeshatendeka wakati ule uzi wa kwanza ulipopita kwenye shuka kule Migori, na kufumua kwetu kulikuwa ni kumvua maiti.

Tulikuwa tumerudi nyumbani, jua limeanza kulegea, mbwa walipobweka. Mwanamume alikuwa anapanda njia, begi begani, anachechemea kidogo. Mama mkwe alifika langoni kabla yangu. Sikujua anaweza kukimbia.

"Simama hapo hapo," alisema.

Alikuwa mume wangu. Midomo imepasuka kwa upepo, shati limejaa grisi.

"Mama? Kuna nini?"

"Sema wewe ni nani."

"Jua limekupiga, mama?"

"Sema."

Alinitazama mimi, nikashindwa hata kutikisa kichwa. Basi akalisema jina lake, na la baba yake, na la babu yake, pale langoni, kama mtoto anayeandikishwa shule.

"Umetoka wapi?"

"Nimetoka kazini, nimekufa kwa njaa na nyinyi mnani..."

"Neno hilo usilitamke kwenye lango langu." Hakutabasamu. Alimgusa kifua, akamgusa uso, akavuta sikio lake kwa nguvu mpaka akasema aah. Ndipo akampisha.

Boti ile iliyosemwa sokoni ilikuwa imezimika injini, ikasukumwa na upepo mpaka Takawiri, na waliokuwamo wote wakashuka salama. Yeye alichukuliwa kutoka Remba kwenda kuitengeneza. Ilichukua muda kwa sababu ya kipuri, na kila alipodhani imepona ilikufa tena. Alisimulia hayo akila, kwa kicheko, na sisi watatu tulikuwa tunamwangalia anavyotafuna. Hatukumweleza. Mama mkwe alinipa jicho, nikaelewa.

Siku ya Krismasi, ibada ilipokwisha, mume wangu alienda mbele na watoto kutazama hori. Akamwinua yule mtoto kwa mkono mmoja, akampimapima.

"Huyu mwepesi sana," alisema. "Mmemtia nini ndani?"

"Matambara," mama mkwe alijibu. "Matambara yetu tu."

Baada ya mwaka mpya mume wangu alirudi Remba, na alifanya kazi huko miaka mingi. Kila alipoondoka nilihisi ule ubaridi mikononi, na mpaka leo nikiona shuka nyeupe imeviringishwa mahali huwa naigusa, nione kama ni laini. Woga wa namna hiyo hauondoki pamoja na kilichouleta. Unapungua tu, ukipewa kazi.

Niliporudi Migori nilimweleza jirani yangu. Alikuwa anakunja suruali kwenye meza yake, akaacha.

"Dada. Mimi nilimpelekea mama yako maiti?"

"Hukujua."

"Sikujua. Nilitaka tu awe mzito." Aliketi juu ya belo, akaanza kuniuliza. "Na kibuyu je? Kibuyu mnazika? Na gunzi la mahindi? Na mgomba? Niambie vyote, maana mimi nina mikono yenye kiherehere."

Nilimwambia vyote nilivyovijua, naye akanieleza vya kwao, na vingine vilinifanya nifurahi kwamba sikuwahi kumshonea mama yake kitu. Tangu hapo tuliposhona pamoja hatukumfunga mtoto mgongo sisi wenyewe. Fundi hajui kila kitu kinachoogopwa katika nyumba anayoshonea, na mwenye nyumba hawezi kukitaja mpaka akiguse.

Sasa chukua shuka yako. Mkunje mtoto, anza kumjaza kutoka miguuni, tia vipande vidogo na usisukume. Ukifika shingoni, fundo moja linatosha. Mgongo uache wazi, umpeleke hivyo hivyo kwa wenye nyumba, na umwombe kila mmoja wao aingize mkono ndani apapase mpaka mwisho. Wakishatosheka wote, shona.